Mtego Uliotangazwa: Mchezo wa Maneno na Nguvu ya Vyombo vya Habari katika Riwaya ya Norton Juster

Falsafa ya lugha, yaani tawi la falsafa linalochunguza uhusiano wa maneno na vitu pamoja na fikra, imelitilia shaka neno lenye maana mbili tangu zama za Wagiriki wa kale, na shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa mtu anayetaka kumpotosha mwenzake bila kusema uongo wa wazi hupata msaada mkubwa katika neno linaloweza kuelekea pande mbili kwa wakati mmoja. Aristotle, alipochambua hoja za hila za wanasofisti, yaani walimu wa ufasaha waliotuhumiwa kufundisha namna ya kushinda mjadala badala ya namna ya kuutafuta ukweli, aliuweka utata wa neno moja miongoni mwa vyanzo vya makosa ya kufikiri yanayozaliwa na lugha yenyewe. Kabla yake, Plato alikuwa ameandika mazungumzo yaitwayo Euthydemus, ambamo ndugu wawili wanamtega kijana Cleinias kwa kumuuliza kama wanaojifunza ni wenye akili au ni wajinga, na kila anapojibu wanamgeuzia kibao, kwa kuwa kitenzi cha Kigiriki walichokitumia kilibeba maana ya kujifunza na pia ya kuelewa. Sokrate anaufananisha mchezo huo na ule wa mtu anayemwondolea mwenzake kiti anapotaka kukaa, kisha akacheka kumwona amelala chali.

Ikiwa mambo ni hayo, linazuka swali zito la kimaadili ambalo mara nyingi hupuuzwa kwa sababu linahusu watoto na vicheko vyao: je, mtu anayemfundisha mtoto kucheza na maneno anamfundisha ukweli au anamfundisha hila? Swali hilo linapata uzito zaidi pale mtoto huyo anapokulia katikati ya redio, televisheni na vyombo vingine vinavyomfikia kwa sauti na picha kila siku, kwa kuwa vyombo hivyo navyo vinaishi kwa maneno yenye nguvu kuliko maana yake. Kitabu kinachofaa kulichunguza swali hilo ni The Phantom Tollbooth, riwaya ya safari na vituko iliyoandikwa na Mmarekani Norton Juster na kutolewa mwaka 1961, ambayo jina lake lataja kibanda cha ajabu cha kutozea ushuru wa barabara. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mchezo wa maneno unaochezwa waziwazi ni kinyume cha udanganyifu, na kwamba ndio kinga ambayo mtoto anaweza kupewa mapema kuliko nyingine zote dhidi ya kila chombo kinachotaka kufikiri kwa niaba yake.

Juster alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1929, akasomea usanifu wa majengo na mipango miji, akatumikia jeshi la majini, na akaifanya kazi ya usanifu majengo kwa sehemu kubwa ya maisha yake hadi alipofariki mwaka 2021. Riwaya hii haikuwa imepangwa, kwa kuwa Juster alikuwa amepewa ruzuku na Ford Foundation ili aandike kitabu cha watoto kuhusu miji, na alipochoshwa na utafiti wake akaanza kujiliwaza kwa kuandika habari za mvulana mmoja aliyechoshwa na kila kitu. Michoro ilitoka kwa Jules Feiffer, mchora vibonzo aliyeishi naye nyumba moja Brooklyn. Mvulana wa hadithi, Milo, ni mtoto ambaye akiwa shuleni anatamani kutoka na akiwa nje anatamani kurudi ndani, hadi siku anapokuta chumbani mwake kifurushi chenye kibanda cha ushuru, ramani, sarafu na kitabu cha sheria za barabarani. Anakiunganisha kibanda, anaingia katika gari lake dogo la umeme, analipa, na kujikuta katika nchi iliyogawanyika kati ya Dictionopolis, mji wa maneno unaotawaliwa na Mfalme Azaz, na Digitopolis, mji wa namba unaotawaliwa na ndugu yake ambaye jina lake limeunganisha hesabu na uchawi. Ndugu hao wamegombana kuhusu kipi ni bora kati ya maneno na namba, na mabinti wawili walioletwa kuamua, baada ya kutoa hukumu kwamba vyote viwili ni sawa kwa thamani, wakafukuzwa na kufungiwa katika kasri linaloning'inia angani. Mabinti hao wanaitwa Rhyme na Reason, yaani Vina na Mantiki, na majina yao yanatokana na msemo wa Kiingereza unaotumika kwa jambo ambalo Waswahili wangesema halina kichwa wala miguu.

Ili kuelewa mchezo wa maneno uliojaa katika kitabu hiki ni lazima kwanza kuelewa ulikotoka, na ulitoka sikioni. Baba yake Juster, ambaye naye alikuwa msanifu majengo, alipenda mno kuchezea maneno mbele ya mwanawe, na filamu za ndugu wa Marx, wachekeshaji waliokuwa wakiishika kila kauli ya kawaida na kuigeuza ndani nje, zilimpa mtoto huyo mfano wa jinsi mazungumzo yanavyoweza kuporomoka kwa neno moja tu kuchukuliwa kama lilivyo. Zaidi ya hayo kulikuwa na redio. Miaka ya 1930 ilikuwa enzi ya tamthilia za redio za mfululizo nchini Marekani, na mojawapo, Jack Armstrong, the All-American Boy, iliyoanza mwaka 1933, iliwapeleka watoto kila jioni katika safari za mbali wakiwa wameketi sebuleni kwao. Humo alikuwamo Jim Fairfield, mjomba mwenye busara aliyewaongoza vijana katika hatari zao, na kwa mfano wake Juster alimuumba Tock, mbwa mlinzi anayefuatana na Milo. Jina la cheo cha mbwa huyo lenyewe ni mchezo, kwa kuwa neno la Kiingereza linalotaja ulinzi wake ndilo linalotaja saa ya mkononi, na kwa hiyo mwili wake umetengenezwa kwa saa kubwa inayopiga mchana kutwa, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayepoteza wakati.

Kiswahili kina bahati ya kutofautisha kusikia na kusikiliza, yaani sauti kumfikia mtu na mtu kuiendea sauti, na tofauti hiyo inaeleza vizuri kile ambacho redio ilikifanyia kizazi cha Juster. Redio ilileta mlio wa kwato, upepo na sauti ya mtu mwenye hofu, lakini haikuleta msitu wala uso; msitu na uso vilijengwa na msikilizaji mwenyewe, na asiyejenga hakupata hadithi. Chombo hicho kilimpa mtoto kazi ya kufanya. Hata hivyo itakuwa kosa kukisifu kana kwamba kilikuwa malaika, kwa kuwa tamthilia hiyohiyo ya Jack Armstrong ilidhaminiwa ili kuuza Wheaties, nafaka ya kifungua kinywa, na sauti iliyomfundisha mtoto kuwaza ndiyo iliyomfundisha kumwomba mama yake amnunulie. Chombo kimoja kilibeba malezi na biashara katika pumzi moja, na mtoto alihitaji uwezo wa kutenganisha viwili hivyo, uwezo ambao chombo chenyewe hakikuwa na haja ya kumpa.

Uwezo huo ndio ambao mchezo wa maneno hujenga, na namna unavyoujenga inaonekana wazi katika karamu ya Mfalme Azaz. Milo, akiwa mgeni wa heshima, anaombwa kupendekeza chakula, na anaposema kwamba mlo mwepesi ungefaa, watumishi wanaingia na sinia za miale ya mwanga, kwa sababu neno moja la Kiingereza hutaja wepesi na pia mwanga. Anapobadili na kuomba mlo wa kushiba, ambao Kiingereza huuita mlo wa mraba, wanaletewa miraba yenye mvuke ya kila ukubwa na kila rangi. Kisha kila mgeni anatoa hotuba, na Milo, ambaye hajui desturi ya mji, anaanza salamu ndefu za adabu kwa mfalme na waliohudhuria, huku wenzake wakitaja vyakula tu, mpaka sahani zinapofika na kila mmoja kutakiwa kula maneno yake mwenyewe. Sahani ya Milo haina ladha, na mfalme anamwambia kwamba angepaswa kutoa hotuba tamu zaidi. Katika Kiingereza, kula maneno yako ni kulazimika kuyakana. Katika karamu hii ni kuishi kwayo, na mtoto anayesoma anacheka kwanza, kisha anabaki na wazo kwamba kinywa kilichosema ndicho kitakacholishwa kilichosemwa.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuona jambo hili kuwa geni, kwa sababu lugha yake imejaa vyakula vya aina hiyo ambavyo hutumiwa kila siku bila mtu kutazama sahani. Shahidi mahakamani hula kiapo, wahalifu hula njama, mfanyabiashara hula hasara, ofisa mwovu hula rushwa, na mzee aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Wanaisimu huiita hali ya neno moja kubeba maana kadhaa zinazohusiana polisemia, na hali ya maneno mawili tofauti kufanana umbo, kama vile kaa la moto na kaa wa baharini, huiita homonimia. Katika matumizi ya kawaida akili huchagua maana moja haraka na kuitupa nyingine, na haraka hiyo ni ya lazima, kwa kuwa mtu anayesimama kutafakari kila neno hawezi hata kununua vitumbua. Mchezo wa maneno huizuia haraka hiyo kwa kitambo kidogo, humlazimisha msikilizaji aone kwamba alikuwa amechagua bila kujua kwamba anachagua, na kwa njia hiyo humrudishia mamlaka juu ya jambo lililokuwa likifanyika ndani yake bila idhini yake.

Hapo ndipo tofauti kati ya mwanasofisti na mchezaji wa maneno inapodhihirika. Wote wawili hutumia utata uleule, lakini mmoja huuficha na mwingine huufichua: wale ndugu wa Euthydemus walihitaji Cleinias asijue kwamba kitenzi kina maana mbili, ilhali Juster anahitaji msomaji ajue, kwa kuwa asipojua hakuna cha kuchekesha. Waswahili wameiweka tofauti hii katika utaratibu wenyewe wa kutegana vitendawili. Mtegaji hutangaza kwamba anataka kutega, hadhira humruhusu kwa kumwambia atege, fumbo hutolewa, wenzake hujaribu, na wakishindwa humpa mji, naye hulifumbua mbele ya wote. Kila hatua ya utaratibu huo ni ya haki, kwani mtego umetangazwa, anayetegwa ameridhia, na jibu halifichwi. Tapeli naye hutega, lakini hatangazi, haombi ruhusa, na akiulizwa jibu hujifanya kwamba hapakuwa na mtego wowote. Tangazo la biashara linalotumia neno "asili" ili msikilizaji afikirie shamba ilhali muuzaji hajaahidi shamba lolote ni kitendawili kilichoibiwa mwanzo wake na mwisho wake. Mtoto aliyezoea kuutambua mtego uliotangazwa huanza kuuhisi hata ule usiotangazwa, na hiyo ndiyo sababu mchezo huu ni malezi ya ukweli.

Lakini ukweli hauhitaji akili kali peke yake, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na akili kali na asijali. Adui mkubwa wa Milo mwanzoni mwa safari si ujinga, ni uchovu wa moyo, na riwaya inauweka uchovu huo kuwa mahali penye ramani na wakazi wake. Baada ya kupita mahali paitwapo Matarajio, Milo anaacha kuangalia njia, gari linapunguza mwendo, na anajikuta katika nchi ya kijivu ambayo wakazi wake wamekatazwa kufikiri na kucheka, na ambako kutwa hupita kwa kulala, kukawia na kuahirisha. Tock anapotokea, anamwambia kwamba aliyefika huko kwa kutofikiri hawezi kutoka ila kwa kufikiri, na kweli gari linaanza kusogea pale Milo anapoilazimisha akili yake kushughulika, na linaongeza mwendo kadiri mawazo yanavyoongezeka.

Mapokeo ya dini yanaitambua nchi hiyo. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliandika kuhusu pepo wa adhuhuri anayemfanya mtawa alione jua kama halisogei, achungulie mlangoni mara kwa mara na kukichukia chumba chake, na hali hiyo iliitwa akedia, yaani kukosa hamu ya lililo jema hata likiwa mbele ya macho. Katika Uislamu, Qurani inaonya mara nyingi dhidi ya ghafla, hali ya moyo kutozingatia, na kutokana na shina hilohilo Kiswahili kimepata kitenzi kughafilika. Neno ghafla lenyewe limebaki likitaja jambo lisilotarajiwa, kana kwamba lugha inakumbusha kwamba mambo humtokea ghafla yule aliyekuwa ameghafilika. Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil, aliyefariki mwaka 1943, alilitazama jambo hilo kwa upande wa tiba: katika insha yake kuhusu masomo ya shule alitetea kwamba kuzingatia ndiko kiini cha sala, na kwamba mtoto anayejitahidi kwa dhati juu ya swali la jometri, hata akishindwa kulipata jibu, amekuza uwezo ule atakaouhitaji siku atakapomwelekea Mungu au mtu mwenye mateso. Kwa mtazamo huo, kuchoshwa na dunia si kosa la dunia, na Milo haponywi kwa kupewa dunia yenye kupendeza zaidi bali kwa kufundishwa kuitazama ileile aliyokuwa nayo.

Ni katika msingi huu ambapo riwaya inatoa hukumu zake juu ya vyombo vinavyobeba maneno na sauti, na hukumu hizo zina hekima kwa sababu hazielekei upande mmoja. Kwanza yuko bibi kizee aitwaye Faintly Macabre, ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua ni maneno gani yatumike katika ufalme, kazi ambayo leo ingeitwa ya mhariri. Alianza vizuri, kwa kuwaambia watu watumie maneno yanayofaa na wasiyatapanye, lakini ubahili ukamzidi, akazidi kupunguza maneno yaliyoruhusiwa mpaka watu wakaacha kusema, soko la maneno likafa, na mfalme akamfunga gerezani. Yuko pia Mtunza Sauti, mtawala wa bonde ambalo zamani sauti zote za dunia zilitengenezwa na kuhifadhiwa, ambaye aliudhika kuona watu wanapenda kelele kuliko sauti nzuri na kwa hasira akazifungia zote ndani ya ngome yake. Milo anapoingia kumwona anamkuta ameketi mbele ya redio kubwa iliyojaza ukuta mzima kwa vitufe na vipimo vyake, akiwa amezama katika kipindi anachokipenda kuliko vyote, nacho ni robo saa ya ukimya, kitakachofuatwa na nusu saa ya utulivu. Kipindi hicho kina uzuri wake, kwa kuwa mtawala huyo anajua aina nyingi za ukimya na anaweza kuzitofautisha. Lakini ni uzuri wa mtu mmoja uliopatikana kwa kuwanyang'anya wote sauti zao.

Namna bonde hilo linavyokombolewa inastahili kutazamwa kwa karibu. Sauti haziwezi kutoka ngomeni bila ruhusa, na Milo hajui namna ya kuiba hata moja, mpaka wakati fulani anapotaka kumpinga mtawala huyo na neno la kwanza la pingamizi lake linafika mdomoni kabla hajalitamka. Anafumba midomo papo hapo, analibeba neno hilo ulimini hadi nje ya ngome, na watu wa bonde wanaliweka katika mzinga na kuifyatulia ngome yenyewe, ambayo inaporomoka na kuziachilia sauti zote. Neno hilo lilikuwa "lakini". Mwandishi angeweza kuchagua neno kubwa, kama vile uhuru au haki, akachagua kiunganishi kidogo ambacho kazi yake yote ni kuzuia sentensi iliyotangulia isiwe ya mwisho. Ngome ya mtu anayedhibiti sauti za wengine haihofii kelele, kwa kuwa kelele humpa sababu ya kuongeza kufuli. Inachohofia ni "lakini" ya mtoto mmoja aliyesikiliza vya kutosha akaona mahali pa kuiweka.

Hatari inayofuata ni kubwa zaidi kwa sababu haina sura ya ukali. Katika Milima ya Ujinga, Milo, Tock na mwenzao mdudu mwenye majivuno wanakutana na bwana aliyevaa vizuri asiye na uso, ambaye kwa upole mwingi anamwomba Milo ahamishe rundo la mchanga chembe kwa chembe kwa kibano, Tock ahamishe maji ya kisima kwa kidude cha kudondoshea dawa ya macho, na mdudu atoboe jabali kwa sindano. Jina la bwana huyo, ambaye kwa kweli ni pepo, limetokana na neno la Kilatini lililotaja sanaa tatu za maneno katika elimu ya Ulaya ya zama za kati, yaani sarufi, balagha na mantiki, na ambalo katika Kiingereza lilizaa neno la mambo madogo yasiyo na maana; hivyo mwandishi anaonyesha kwamba hata elimu ya maneno inaweza kuoza ikawa shughuli tupu. Milo anaokoka anapochukua penseli yake na kupiga hesabu, akagundua kwamba kazi hizo zingemaliza miaka 837. Baadaye anakuja karani anayejifanya kuandikisha watu, ambaye cheo chake katika Kiingereza, kwa herufi chache kubadilika, chamaanisha mwizi wa hisi. Anawauliza maswali yasiyo na mwisho, kisha anamwonyesha kila mmoja kile hasa anachokipenda: Milo anaona sarakasi, Tock ananusa harufu zote azipendazo, mdudu anasikia umati ukimshangilia. Wakiwa wamezubaa hivyo anawanyang'anya hisi ya kusudi, ya wajibu na ya kupima mambo kwa kadiri yake, huku mapepo ya milima yakiwakaribia kwa nyuma.

Ni vigumu kupata picha sahihi zaidi ya chombo cha habari kinachomjua mtumiaji wake kwa undani na kumpa kila mmoja sarakasi yake, na inafaa kukumbuka kwamba picha hiyo ilichapishwa mwaka 1961, wakati ambapo karibu nyumba tisa kati ya kumi za Marekani zilikwisha kuwa na televisheni, na mwaka uleule ambao Newton Minow, mwenyekiti wa tume ya serikali inayosimamia utangazaji, aliwaambia wenye vituo vya televisheni ana kwa ana kwamba walichokuwa wakikirusha kilifanana na jangwa kubwa. Katika riwaya, nguvu ya karani inavunjika pale Milo anapoangusha kwa bahati kifurushi cha sauti alichopewa na Mtunza Sauti, nacho kikapasuka na kumwaga kicheko, ndipo inapojulikana kwamba hisi ya ucheshi ndiyo pekee ambayo mwizi huyo hawezi kuichukua. Mantiki ya jambo hili inalingana na yote yaliyosemwa hapo juu, kwa kuwa anayecheka ameona mambo mawili mahali ambapo aliyezubaa anaona moja.

Huenda ikapingwa kwamba michezo hii ni mali ya Kiingereza peke yake na kwamba hekima inayokufa ikivuka mpaka wa lugha haikuwa hekima. Ni kweli kwamba utani mwingi wa Juster hauvuki, na kila mtafsiri wa vitabu vya namna hii hulazimika kuuacha mchezo wa asili na kuutafuta mwingine ndani ya lugha yake, kazi ambayo Kiswahili kinaifahamu tangu Alice, msichana wa hadithi ya Lewis Carroll, alipoingia katika lugha hii mwaka 1940 kwa jina la Elisi. Lakini kinachovuka si utani, ni zoezi. Kila lugha ya binadamu ina utata, na kila jamii inayoipenda lugha yake imebuni njia ya kuufichua kwa furaha. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliwafundisha wasikilizaji wake kulizingatia neno kwa kuligeuzageuza ndani ya beti, bila kuhitaji mfano kutoka kokote. Kinachoshindwa kuvuka kirahisi ni mpaka kati ya neno na picha. Riwaya ina mapepo matatu ya maafikiano, ambapo wa kwanza ni mrefu na mwembamba, wa pili ni mfupi na mnene, na wa tatu anafanana kabisa na wote wawili. Sentensi inambeba huyo wa tatu bila taabu, ilhali hakuna kalamu inayoweza kumchora. Filamu ya riwaya hii iliyotengenezwa chini ya Chuck Jones na kutolewa mwaka 1970 haikumridhisha Juster, na ugumu wa kazi hiyo unaeleweka, kwa kuwa picha ikishaonekana imekwisha kuchagua maana moja kwa niaba ya mtazamaji.

Vitabu vya dini vinavyosomwa na wengi wa wasemaji wa Kiswahili vinauweka uwezo wa kutaja vitu mwanzoni kabisa mwa historia ya binadamu: katika Mwanzo, wanyama wanaletwa mbele ya Adamu ili awape majina, na katika Qurani, Mungu mwenyewe anamfundisha Adamu majina ya vitu vyote. Masimulizi yote mawili yanamaanisha kwamba neno halikuwa mali ya binadamu kabla halijawa amana yake, na amana hudaiwa hesabu. Anayelificha neno lenye pande mbili ili apate faida ameila amana hiyo. Anayelifunua ili mwenzake aone pande zote ameitunza, hata kama anafanya hivyo kwa utani na hata kama mwenzake ana umri wa miaka saba. Ndiyo maana hukumu ya mabinti wawili kwamba maneno na namba ni sawa inafaa kusomwa kama hukumu juu ya unyoofu: sentensi tamu isiyostahimili hesabu, kama ile shughuli ya miaka 837, ni tupu, na hesabu isiyo na neno la kuipa kusudi haina wa kuiongoza.

Milo anaporudi nyumbani anagundua kwamba safari aliyodhani imechukua majuma mengi imechukua saa moja tu. Siku inayofuata anakimbia kutoka shuleni ili asafiri tena, lakini anakuta kibanda kimeondoka, na barua iliyoachwa inaeleza kwamba kinahitajiwa na watoto wengine. Anahuzunika kidogo, kisha anatazama dirishani na kuzunguka chumba chake mwenyewe, anaona vitabu, ala za muziki na vitu vya kujenga ambavyo hakuwahi kuvigusa, na anatambua kwamba hata kibanda kingerudi asingekuwa na nafasi ya kusafiri. Kipimo cha kila chombo kinachowekwa mbele ya mtoto, kiwe kitabu, redio au simu, kimo katika tukio hilo, nacho ni kama mtoto anakitoka akiwa anakiona chumba chake vizuri zaidi au akiwa hakioni tena. Basi wazazi na walimu wasisubiri sera wala mitaala. Jioni, kabla ya kuwasha chochote, wamtegee mtoto kitendawili kimoja, wamwache ahangaike nacho, wakubali kumpa mji yeye atakapowatega wao, na wamfumbulie kwa uaminifu kila alichoshindwa.